Pesa ni zangu, mbona hamnipi? Jinsi sacco inavyotuwekesha akiba

Soko la Kongowea, hapa Mombasa, huamka kabla ya mji. Saa kumi na moja alfajiri malori ya vitunguu na viazi yashafika, mahamali wanapishana na magunia mabegani, na mama ninayenunua nazi kwake huwa ameshapanga mafungu yake. Siku hiyo nilimkuta amenuna. Jana yake alikuwa amekwenda mjini kwenye ofisi ya sacco yake, yaani chama chake cha akiba na mikopo. Ana akiba ya shilingi 80,000, ameijenga kidogo kidogo tangu alipojiunga, na alitaka 15,000 tu alipe karo ya bintiye. Akaambiwa pesa hizo hazitoki. Akitaka, akope. Akizitaka zote, aandike barua ya kujitoa chamani kisha angoje siku 60.

"Mwanangu," akaniambia, "pesa ni zangu, nimezitia kwa mkono wangu huu. Mbona hawanipi? Yaani nikakope pesa zangu mwenyewe?"

Siku ile sikupata nafasi ya kumjibu vizuri, na swali lake limenikaa tangu hapo. Nimelisikia pia kwa madereva wa tuktuk pale Mwembe Tayari, kwa wauguzi, hata kwa walimu walio ndani ya sacco kwa miaka ishirini. Wengi wetu tunaweka akiba huko bila kuelewa mtambo wenyewe unavyofanya kazi, na asiyeelewa huja siku akajitoa kwa hasira, akabomoa kwa wiki moja alichokijenga kwa miaka. Jibu langu kwa mama huyu ni kwamba kule kunyimwa ndiko kulikomfanya awe na hiyo 80,000. Mambo mengine yote ambayo sacco hufanya kututia hamu ya kuweka akiba, kuanzia gawio la mwisho wa mwaka hadi mkopo wa mara tatu ya akiba, yanasimama juu ya kufuli hilo.

Mifuko mitatu ya mtu mmoja

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni kwamba tunasema "akiba yangu ya sacco" kana kwamba ni pesa za mfuko mmoja. Ni mifuko mitatu, na kila mmoja una sheria yake.

Wa kwanza ni hisa. Ukinunua hisa umekuwa mmoja wa wenye chama. Pesa hizo hazirudishwi na sacco hata ukijitoa. Njia ya kuzipata ni kumuuzia au kumhamishia mwanachama mwingine. Huo ndio mtaji unaoifanya sacco isimame upepo ukivuma.

Wa pili ndio ulio na 80,000 za mama wa nazi: amana zisizotolewa, ambazo watu wa sacco huziita za bosa. Ni zake, na siku akijitoa hana deni wala hajamdhamini mtu, atalipwa zote. Ila akiwa bado mwanachama hazitoki kwa mafungu. Zimekaa kama dhamana ya mikopo yake na ya wale aliowawekea saini.

Wa tatu ni akaunti ya fosa, yaani dirisha la mbele. Hapa unaweka na kutoa kama benki, na mshahara unaweza kupitia hapo. Si kila sacco ina dirisha hili. Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008 ndiyo iliyounda SASRA, mamlaka inayosimamia sekta hii, na sacco isiyo na leseni yake hairuhusiwi kupokea amana za kutolewa namna hiyo. Kwa muda mrefu sacco za bosa peke yake zilikuwa nje ya mkono wa SASRA, mpaka kanuni za 2020 zilipozivuta ndani zile zenye amana za shilingi milioni 100 au zaidi.

Mama alikwenda kuuliza pesa za mfuko wa pili kwa matumaini ya mfuko wa tatu. Na sikumlaumu, kwa sababu siku aliyojiunga hakuna aliyemketisha akamweleza tofauti. Alipewa fomu, akapiga saini, akatoka. Kama kuna jambo moja ningeomba kila sacco ya Mombasa ilibadilishe kesho asubuhi, ni hilo.

Kufuli lina kazi gani

Chukua shilingi 2,000 zilizobaki jioni baada ya kuuza. Zikiwa kwenye pindo la leso au kwenye simu, zina wadai wengi hata kama hudaiwi na mtu. Kuna mtoto anayetaka daftari, kuna mchango wa harusi ya jirani, kuna hitma, kuna shemeji aliyekwama Mariakani anaomba nauli. Yote ni mambo ya haki. Hakuna hata moja ambalo ni upuuzi wa kutapanya mali. Ndiyo maana mahubiri ya "jifunze kujinyima" hayamsaidii sana mtu wa kipato kidogo: si kwamba anatumia kwa kutojua thamani ya akiba, anatumia kwa sababu pesa iliyo karibu na mkono haina hoja ya kuwakatalia watu anaowapenda.

Sacco humpa hoja hiyo. "Shemeji, wallahi ninazo, lakini zimefungwa sacco, hazitoki." Maneno hayo ni ya kweli, hayavunji udugu, na hayamfanyi mtu aonekane mchoyo. Katika mji kama huu, ambapo kumkatalia ndugu usoni ni jambo zito, hiyo ni huduma kubwa kuliko asilimia yoyote ya faida.

Wachumi wamelipima jambo hili, tena hapa Kenya. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti wafanyabiashara wadogo wa Bumala, kule Busia. Akaunti hizo hazikuwa na faida hata senti, na kila mara ukitoa pesa ulikatwa ada; kwa hesabu kavu, anayeweka alikuwa anapata hasara. Hata hivyo wanawake wa sokoni walizitumia, wakaweka akiba zaidi na wakaongeza mtaji katika biashara zao. Kwa waendesha bodaboda, matokeo kama hayo hayakuonekana. Fikiria maana yake: mama wa sokoni alikuwa tayari kulipia mahali ambapo pesa zake zitakuwa mbali naye kidogo. Huko Ufilipino nako, watafiti waliwapa wateja wa benki moja akaunti ambayo wenyewe walijiwekea sharti la kutotoa mpaka tarehe au kiasi fulani kifike. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa akiba ya waliopewa nafasi hiyo ulikuwa umepanda kwa asilimia 81 ukilinganisha na wasiopewa.

Wanawake wa Pwani walilijua hili kabla ya watafiti. Mchezo wanaoucheza kila mtaa, Majengo, Mikindani, Likoni, ni kufuli la aina hiyo hiyo. Kumi wanatoa 500 kila wiki, mmoja anabeba 5,000, na anayetaka kukosa zamu yake ya kutoa atawaangaliaje wenzake? Lakini mchezo una mpaka wake. Zamu yako haifuati shida yako: karo inadaiwa Januari, wewe zamu yako ni Machi. Na duru ikiisha, pesa zote zimetoka, mnaanza tena na kibaba kitupu. Sacco imechukua kile kibano cha mchezo ikakiongezea mambo mawili: pesa hazirudi sifuri kila duru, na unaweza kupata fungu kubwa siku unapolihitaji.

Tamaa ya mkopo

Hapo ndipo chambo kilipo. Kwa desturi ya sacco nyingi za Kenya, mwanachama anaweza kukopa hadi mara tatu ya amana zake. Mwenye 80,000 anaweza kupata 240,000; mwenye 20,000 anaishia 60,000. Kila elfu moja unayoongeza inafungua elfu tatu. Ukiwauliza watu kwa nini wameongeza mchango wao wa mwezi, wachache watakuambia ni uzee. Wengi watakuambia kiwanja Mtwapa, pikipiki, au ada ya chuo. Tunaweka akiba ili tukope. Kuna wanaoliona hili kama udhaifu, mimi naliona kama ufundi: haja ya mwaka huu, ambayo ina nguvu, imefungwa kamba moja na haja ya miaka kumi ijayo, ambayo haina nguvu ya kujivuta yenyewe.

Na mikopo yenyewe ina bei ambayo ni vizuri kuikokotoa kwa kalamu. Bei iliyozoeleka tangu zamani ni asilimia 1 kwa mwezi kwa deni lililobaki, ingawa siku hizi kuna mikopo ya sacco inayopita hapo. Kopa 240,000 ulipe kwa miezi 24, ukirudisha 10,000 ya mkopo kila mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 2,400, wa pili 2,300, wa tatu 2,200, ikishuka hivyo hadi mwezi wa mwisho inapokuwa 100. Jumla yake ni 30,000. Mkopeshaji mwingine anaweza kukuambia naye anatoza asilimia 12 kwa mwaka, ila akaihesabu kwa mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Hapo utalipa 57,600. Neno ni lile lile "asilimia 12", na tofauti ni 27,600. Kwa hiyo ukiulizia riba, usikomee kwenye asilimia; uliza inapigwa juu ya deni lililobaki au juu ya mkopo wote.

Sasa turudi kwa yule mama na 15,000 zake. Akikopa hizo kwa mkopo wa karo wa miezi 12 kwa bei ile ile, atarudisha 1,250 kila mwezi pamoja na riba inayoanzia shilingi 150 na kushuka. Riba ya mwaka mzima ni 975. Upande wa pili, 15,000 ambazo hakuzigusa zinaendelea kukaa ndani. Sacco ikitangaza faida ya asilimia 8 kwa amana, zinamletea 1,200 kabla ya kodi. Haki isemwe: kuna ada za mkopo na bima zitakazopunguza tofauti hiyo, na kwa kuwa anarudisha kila mwezi hakukaa na 15,000 kamili mwaka mzima. Lakini tazama atakavyokuwa baada ya miezi kumi na miwili. Karo imelipwa, na 80,000 zipo pale pale, pamoja na michango ya mwaka. Angepewa zile 15,000 bila deni, angebaki na 65,000 na nia njema ya kuzirudisha. Sote tunajua nia hiyo huishia wapi. Kulipa mkopo ni kuweka akiba kwa njia nyingine, ila safari hii kuna anayekuuliza usipoweka.

Pesa ikatwe kabla haijafika mkononi

Kwa mfanyakazi wa bandari, mwalimu au karani wa kaunti, sacco haimngoji mtu akumbuke. Mchango hukatwa kwenye mshahara kabla haujaingia benki, na baada ya miezi michache mtu huzoea kuishi kwa kilichobaki. Sheria imeweka kingo pande mbili. Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yote kwa pamoja yapite theluthi mbili za mshahara, kwa hiyo lazima theluthi moja ifike nyumbani. Na Sheria ya Vyama vya Ushirika inamshika mwajiri: akikata pesa ya mfanyakazi asiifikishe kwenye chama ndani ya siku saba, atailipa pamoja na riba inayopigwa juu ya riba, isiyopungua asilimia 5 kwa mwezi. Ni sheria kali kwa sababu nzuri. Mfanyakazi anaona kwenye karatasi ya mshahara kwamba amekatwa, anaamini akiba inakua, kumbe pesa imekwama kwa mwajiri. Kwa hiyo karatasi ya mshahara peke yake haitoshi. Taarifa ya sacco nayo iangaliwe angalau kila robo mwaka.

Ugumu uko kwa sisi wengine. Mombasa ni mji wa kipato cha siku na cha msimu. Hamali hulipwa kwa gunia. Mfanyakazi wa hoteli za Nyali na Bamburi anajua kwamba mvua za masika zikianza, wageni hupungua na mikataba husimamishwa. Mvuvi ana kaskazi, bahari ikiwa shwari na samaki wapo, kisha inakuja kusi, mawimbi makali, na mashua ndogo zinakaa ufukweni siku nyingi. Ukimwambia mvuvi atoe 1,000 kila tarehe 5 ya mwezi bila kukosa, umemwekea sharti la mtu mwenye mshahara. Julai atakosa, Agosti atakosa, atapigwa faini, ataona aibu, hatarudi. Hakukosa nidhamu, ratiba ndiyo iliyokosa kumjua.

Sacco inayojua watu wake hupima mchango kwa mwaka badala ya mwezi, au hukubali mtu aweke zaidi wakati wa kaskazi ahesabiwe hadi kusi. Kwa wa sokoni, kinachofaa ni mchango wa siku, hata wa 50 au 100, kupitia simu. Tangu M-Pesa ianze 2007, mama wa Kongowea hahitaji kuacha nazi zake apande matatu hadi mjini kupeleka 100, na nauli peke yake zamani ingeila hiyo 100 yote. Naamini simu imefanya zaidi kuwaingiza watu wa kipato cha siku kwenye sacco kuliko semina zote zilizowahi kufanyika kumbi za hoteli.

Kwenye matatu hali ina mkanganyiko wake. Kanuni za usafiri za 2014 zinataka kila gari la abiria liwe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, kwa hiyo jina "sacco" limeandikwa ubavuni mwa karibu kila gari linalotoka Feri kwenda Mtwapa au Likoni kwenda Ukunda. Baadhi ya vyama hivyo hukusanya akiba kweli, kila gari likitoa kiasi chake kila siku pale steji. Lakini mara nyingi mwanachama ni mwenye gari. Dereva na makanga, ambao ndio wanaoamka saa kumi, hawana hata akaunti. Sacco iliyoandikwa kwenye gari si lazima iwe sacco inayokuwekea wewe akiba. Anayefanya kazi humo aulize jina lake liko wapi kwenye daftari.

Gawio, na kwa nini Januari si sawa na Desemba

Mwaka wa hesabu wa sacco nyingi huisha Desemba, na sheria inataka mkutano mkuu ufanyike ndani ya miezi minne. Ndiyo maana ifikapo Machi na Aprili simu zinalia na watu wanaulizana "yenu imetoa ngapi?" Kuna malipo mawili: gawio la hisa, na faida ya amana. Asilimia zake hazifanani, na ya hisa mara nyingi ndiyo kubwa, jambo linalowafanya wengine wafurahie tangazo ambalo haligusi sehemu kubwa ya pesa zao.

Faida ya amana huhesabiwa kwa sacco nyingi kwa muda ambao pesa imekaa. Tuseme umetoa 2,000 kila mwezi, jumla 24,000, na faida ni asilimia 9. Usitarajie 2,160. Pesa ya Januari imefanya kazi miezi 12, ya Februari 11, ya Desemba mmoja tu, na ukijumlisha unapata 1,170. Mwenzako akazitia 24,000 zote mwezi wa Desemba, atapata 180. Mwingine akazitia zote Januari, atapata 2,160 kamili. Kanuni hii haionekani, haina matangazo, lakini ni kishawishi kizuri cha kuweka mapema na bila kuruka miezi, kwa wale walioelezwa.

Kuna njia ya mkato ambayo watu huijaribu: kukopa mahali pengine, kutunisha amana kwa ghafla, kisha kuomba mara tatu yake. Sacco zilizokomaa zimeziba mwanya huo kwa kutaka pesa hiyo ikae miezi kadhaa kabla haijahesabiwa, au kwa kutoza ada. Zinafanya vyema. Aliyefanya hivyo ana madeni mawili na hajaweka akiba hata moja.

Riba, suala ambalo Mombasa haiwezi kulipita

Kila ninapozungumzia sacco mtaani, kuna atakayeuliza kwa upole: na riba je? Kwa Mwislamu anayeshika dini yake, asilimia 1 kwa mwezi juu ya mkopo ni riba, na asilimia 8 ya faida iliyopangwa juu ya amana ni riba vilevile. Wengi wamekaa nje ya sacco kwa sababu hiyo, na ni kosa kuwaita wazembe wa akiba. Walikuwa wanaweka dhahabu, wanajenga chumba kimoja kimoja, wanacheza mchezo.

Tangu benki za kwanza za Kiislamu zifunguliwe Kenya mwaka 2008, na sacco zinazofuata sharia nazo zimejitokeza. Humo mtu hakopeshwi pesa za kununua pikipiki. Chama kinainunua pikipiki, kikawa mwenye mali, kisha kikamuuzia kwa bei iliyotajwa wazi pamoja na faida, alipe kwa mafungu. Hiyo ni murabaha. Bei haipandi akichelewa. Akiba nayo inawekwa kwa mudharaba: chama kinafanyia biashara, na faida inagawanywa kwa uwiano uliokubaliwa tangu mwanzo. Isipopatikana faida, hakuna cha kugawana.

Nimeliweka hili kwa kirefu kwa sababu linathibitisha jambo. Ondoa riba yote kwenye sacco, na bado watu wanaweka akiba. Kufuli lipo, na aliyeweka zaidi anauziwa kwa mafungu kitu kikubwa zaidi.

Wadhamini, upande wenye makali

Mkopo unaopita amana zako unahitaji wadhamini, na anayekudhamini anatia rehani akiba yake. Mbinu hii ni ya zamani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyeanzisha chama cha mikopo cha wanakijiji Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, aliwafanya wanachama wote wabebe madeni kwa pamoja, akijua jirani humjua jirani kuliko ofisi inavyomjua. Inafanya kazi. Mtu anayeweza kumkimbia karani wa mikopo hawezi kumkimbia aliyeswali naye safu moja.

Lakini inaumiza pia. Niliwahi kumdhamini mwenzangu wa kazi, mtu mwema, kwa mkopo wa nyumba. Akaachishwa kazi, akahama, malipo yakasimama. Sacco ilianza kwa amana zake, zikaisha, ikaja kwetu watatu tuliotia saini. Nilipoteza akiba ya karibu mwaka mzima na, kwa muda, nilipoteza rafiki. Tangu siku ile kabla ya kutia saini huuliza mambo ambayo zamani niliyaonea haya: ana mikopo mingapi, nani wengine wamesaini, na kama kazi ikikatika atalipa kwa nini. Ninawasihi wasomaji wasione haya. Fomu ya udhamini ni hundi ya akiba yako mwenyewe.

Imani, ambayo bila hiyo hakuna atakayeweka

Kufuli ni zuri ikiwa aliyeshika ufunguo ni mwaminifu. Mwanzoni mwa 2025 serikali ilitoa hadharani ukaguzi wa KUSCCO, muungano wa sacco ulioanzishwa 1973, na ukaguzi huo ulionyesha pengo la zaidi ya shilingi bilioni 13. Hizo zilikuwa pesa ambazo sacco zenyewe ziliweka huko, yaani, ukifuata mzizi wake, ni pesa za wanachama. Sheria ya 2008 ilitaja mfuko wa dhamana wa kumlinda kila mwanachama wa sacco zenye leseni hadi shilingi 100,000, lakini kwa miaka mingi ulibaki kwenye karatasi, wakati mwenye akaunti ya benki analindwa hadi 500,000. Hilo ni pengo la haki, na wanaoumia nalo ni watu walewale tunaowahimiza waweke.

Kwa hiyo himizo bora la akiba ni hesabu zilizo wazi. SASRA huchapisha orodha ya sacco zenye leseni, na mtu anaweza kuitazama kabla ya kutia shilingi ya kwanza. Hesabu zilizokaguliwa husomwa mkutano mkuu, na kila mwanachama ana kura moja, awe na 5,000 au milioni tano. Mwenye kura moja akikaa nyumbani, wenzake watamchagulia viongozi watakaoshika ufunguo wake.

Nilirudi Kongowea wiki mbili baadaye, nikaketi na mama wa nazi juu ya kreti nikamweleza haya yote, si kwa mpangilio huu. Alinisikiliza huku akihudumia wateja. Mkopo wa karo alikuwa keshauchukua. Hakuwahi kwenda mkutano mkuu hata mara moja, alidhani ni wa wakubwa. Akaniomba nimwandikie ya kuuliza. Nikachana karatasi nikaandika matatu: leseni ni ya mwaka gani, mikopo isiyolipwa ni mingapi, na mbona mtu akijiunga haelezwi mifuko yake. Akaisoma polepole, midomo ikitembea, kisha akaikunja na kuifunga kwenye pindo la leso, pamoja na pesa za siku.